Kuzibua mshipa wa shingo: Fahamu hatari kabla ya kutia sahihi

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alikuja kwenye kliniki yangu akiwa na bahasha ya picha za hospitali. Wiki mbili awali mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi na ulimi ukawa mzito, kisha baada ya dakika kumi hali ikarudi kama kawaida. Alipochunguzwa, ilionekana kwamba mshipa wa damu ulio upande wa kushoto wa shingo ulikuwa umeziba kwa zaidi ya asilimia 70. Akaambiwa atawekewa stenti.

“Daktari,” akaniuliza, “wanasema matibabu haya ni ya kuzuia kiharusi. Mbona katika fomu ya kutia sahihi wameandika kwamba yanaweza kuleta kiharusi?”

Swali hilo ni la haki, na jibu lake linamfaa kila mtu ambaye yeye mwenyewe au jamaa yake ameshauriwa kufanyiwa matibabu haya.

Jinsi yanavyofanywa

Kila upande wa shingo kuna mshipa mkubwa uitwao karotidi, ambao hupeleka damu kwenye ubongo. Kwa mtu aliye na shinikizo la damu, kisukari au mafuta mengi katika damu, na hasa mvutaji wa sigara, ukoko wa mafuta na chokaa hujijenga polepole ndani ya mshipa huo, kama kutu ndani ya bomba la maji. Kipande cha ukoko kikibanduka, au damu ikiganda juu yake, bonge hilo huchukuliwa hadi kwenye ubongo na kuziba mishipa ya huko.

Ili kuupanua mshipa, daktari hutoboa tundu dogo kwenye kinena, yaani pale paja linapokutana na tumbo, na wakati mwingine kwenye mkono. Hupitisha mpira mwembamba ndani ya mishipa hadi shingoni, akiutazama kwa eksirei. Puto dogo hujazwa ili kupanua palipobana, kisha stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma, huachwa hapo ili mshipa usijifunge tena. Kwa kawaida mgonjwa huwa macho. Huombwa mara kwa mara azungumze au abane mkono wa muuguzi, ili ikitokea hitilafu ya ubongo ijulikane mara moja.

Vipande vinavyobanduka

Fundi akiligonga bomba lenye kutu, maji ya mfereji hutoka yakiwa mekundu. Vivyo hivyo, mpira na puto vinaweza kubandua vipande vya ukoko. Ndiyo maana madaktari wengi hutangulia kufungua chujio dogo, mfano wa mwavuli, juu ya mahali palipoziba ili kunasa vipande hivyo. Lakini chujio halinasi kila kitu. Isitoshe, vipande vingine hubanduka mapema, mpira unapopita katika mshipa mkuu utokao kwenye moyo, kabla chujio halijafunguliwa.

Utafiti uliofanywa Marekani na Kanada, na matokeo yake kutangazwa mwaka wa 2010, ulihusisha wagonjwa 2,502. Kati ya waliowekewa stenti, asilimia 4.1 walipata kiharusi katika kipindi cha matibabu. Kwa waliopasuliwa shingo na ukoko kuondolewa, walikuwa asilimia 2.3. Kwa upande mwingine, mshtuko wa moyo uliwapata asilimia 1.1 ya wenye stenti na asilimia 2.3 ya waliopasuliwa. Ilionekana pia kwamba kwa waliopita umri wa miaka 70 hivi, upasuaji ulikuwa na matokeo bora zaidi. Mishipa ya wazee huwa imejipinda na kukauka, na mpira hupita kwa shida.

Moyo kupunguza mwendo

Pale karotidi inapogawanyika kuna neva zinazopima shinikizo la damu. Puto linapozibana, ubongo hudhani shinikizo limepanda, nao huuamuru moyo upunguze mwendo. Mapigo yanaweza kushuka ghafla, na shinikizo likaanguka kwa saa kadhaa. Madaktari huwa na dawa ya atropini tayari kwa ajili hiyo.

Hatari nyingine ni kuvuja damu mahali palipotobolewa, na dawa ya kuonyesha mishipa kwenye eksirei kudhuru figo, hasa kwa mwenye kisukari.

Baada ya kurudi nyumbani

Mzee wetu aliwekewa stenti salama. Siku ya tano mkewe alimleta kwangu akilalamika kuumwa sana na kichwa upande wa kushoto. Shinikizo lake lilikuwa juu mno. Kumbe alikuwa ameacha vidonge vya presha. Aliniambia, “Si mshipa umeshazibuliwa, Daktari?”

Ubongo uliozoea damu kidogo unapofurikiwa ghafla, mishipa yake inaweza kushindwa kustahimili. Tatizo hili si la kawaida, lakini linaweza kuleta kifafa au damu kuvuja ndani ya ubongo, na hapo wengi hufariki. Mzee alilazwa siku hiyohiyo, shinikizo likateremshwa, naye akapona.

Kwa hivyo, msomaji, usiache dawa ya presha hata siku moja. Usiache pia aspirini na klopidogreli ulizoandikiwa mpaka daktari aseme, kwa sababu damu inaweza kuganda ndani ya stenti. Ukiumwa sana na kichwa, mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, ukishindwa kusema au kinena kikifura, nenda hospitali wakati huo huo. Usingoje kuche.

Na kabla ya kutia sahihi, uliza: Je, nilipata dalili, au mshipa huu umegunduliwa tu? Nikitumia dawa pekee, hatari yangu ni kiasi gani? Je, upasuaji ungenifaa zaidi? Wewe daktari umefanya matibabu haya mara ngapi, na wangapi walipata kiharusi? Daktari mzuri hatakasirishwa na maswali haya.