Daftari Lisitupwe

Wananchi wa Handeni na Korogwe hawana haja ya kufundishwa faida za dijitali. Mkulima hupokea fedha za mahindi kwa simu akiwa shambani, na mzazi humpelekea mwanawe nauli bila kusubiri basi la Segera. Hayo ni maendeleo, nasi twayapokea kwa mikono miwili. Lakini maendeleo yendayo mbio huwaacha wengine njiani, na jambo hilo lapasa lisemwe wazi.

Mitambo ya televisheni ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Tanga ikafuata mwaka 2013. Mwenye uwezo alinunua king'amuzi. Asiye nao aliambulia chenga juu ya kioo, ingawa chombo chake kilikuwa kizima. Redio ya betri haikumdai mtu king'amuzi.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom, zipitazo chini ya bahari, zilikatika, na intaneti ikadorora nchini. Siku kama hizo, kazi iliyo katika kompyuta peke yake husimama, na ile iliyoandikwa kwa wino huendelea.

Basi twauliza: ni kitu gani kisichofaa kabisa kusimama? Kwa mkulima, jibu ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, yataka kijiji kiwe na daftari la ardhi, chini ya Halmashauri ya Kijiji. Huko Handeni, kijiji cha Msomera kimepokea tangu mwaka 2022 kaya zilizohama kutoka Ngorongoro. Mahali ambapo mwenyeji na mgeni, jembe na ng'ombe, hukaa jirani, mpaka usioweza kusomwa na wote ni mbegu ya ugomvi.

Hapana shaka karatasi nayo ina maradhi yake. Mchwa huila, mvua huilowesha, na asiye mwaminifu huweza kuchana ukurasa. Kwa hiyo hatusemi kompyuta zikataliwe. Twasema kumbukumbu hizi mbili zilindane: ikipotea moja, ya pili itoe ushahidi.

Wala wazo hili si la ushamba. Sweden, nchi iliyotangulia mbali katika dijitali, mwaka 2023 ilitenga fedha za kurudisha vitabu vya karatasi shuleni.

Viongozi wa vijiji vya Handeni na Korogwe hawana budi kulitunza daftari ndani ya sanduku kavu lenye kufuli, na yaliyoandikwa humo yasomwe mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Wananchi nao waende wakasikilize. Wazee wetu walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.