Kongosho, Figo na Maradhi ya Jongo

Mtu wa Kinoo, kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Nakuru, akiamshwa usiku na maumivu, akaona kidole gumba cha mguu kimevimba na hakivumilii hata kuguswa na shuka, husema, "Ni ile nyama ya jana." Asemalo lina ukweli, lakini si ukweli wote. Maradhi hayo huitwa jongo, na mara nyingi kongosho nayo ina sehemu yake.

Kongosho ni kiungo kilicho nyuma ya mfuko wa tumbo. Hutoa insulini, ambayo huiamuru misuli ipokee sukari iliyomo katika damu. Insulini ilipatikana mjini Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Januari 1922 mgonjwa wa kwanza wa kisukari alidungwa sindano yake. Baadaye wataalamu walitambua kwamba figo nazo husikia amri zake.

Figo huchuja maji ya damu yapatayo lita 180 kila siku, kisha huyarudisha karibu yote, mkojo ukawa kama lita moja na nusu tu. Miongoni mwa taka zichujwazo ni asidi ya yuriki, itokanayo na chembe za mwili zilizochakaa na vyakula kama nyama na maini, pombe huizidisha. Insulini huzifanya figo ziirudishe asidi hiyo kwa wingi katika damu, pamoja na chumvi. Asidi ikizidi, hugeuka chembe ngumu zenye ncha kama sindano ndani ya maungio ya mifupa. Ndipo jongo huanza.

Kwa nini insulini izidi? Mtu akinenepa tumbo, misuli yake hukaidi amri, na kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi. Lakini figo hazikaidi, huendelea kutii! Hivyo mtu huweza kupata jongo na shinikizo la damu hata kabla kisukari hakijajulikana.

Basi yampasa mtu huyo apimwe damu, sukari na shinikizo. Apunguze pombe, soda na nyama nyekundu, anywe maji na kutembea kwa miguu. Unene aupunguze polepole, maana kujinyima chakula ghafula huweza kuliamsha jongo.

Lakini adungwaye insulini kwa amri ya daktari asiiache kwa kuogopa jongo. Kuiacha huweza kumwua.