Mbegu ya Mwarobaini Haingoji



Mwaka jana tulikusanya mbegu za mwarobaini, tukazihifadhi kwenye kopo kusubiri mvua. Tulipozipanda, haikuota hata moja. Tukalaumu udongo, kumbe kosa lilikuwa letu: mbegu hiyo hupoteza uhai ndani ya wiki chache tu.

Kila mbegu ina wakati wake. Mbegu za tufaha haziamki mpaka zipitiwe na baridi kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana huko Marekani wapo wanaozipanda majira ya baridi, ndani ya madumu ya plastiki yanayoachwa nje. Mbegu ya mkwaju ina ganda gumu. Hukaa miezi mingi, lakini yafaa ilowekwe usiku kucha kabla ya kupandwa. Mwarobaini hautaki kucheleweshwa.

Basi tufanye hivi. Tuokote matunda yaliyoiva, tuondoe nyama, tuoshe mbegu na kuzianika kivulini siku moja au mbili. Tutoboe makopo chini, tujaze udongo wenye samadi iliyooza, tufukie mbegu kina cha sentimita 1, kisha tumwagilie kiasi. Huota baada ya wiki 1 hadi 3. Miche ikifika miezi 3, tuihamishie shambani mvua zinapoanza.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, kinacholiwa na mtu, ndege au mnyama ni sadaka yake. Na ndege huyapenda matunda ya mwarobaini. Tusiiache sadaka hiyo ikafia kwenye kopo.

Wabillahi tawfiq.