Ngazi ya Ghorofa na Lendingi Yake: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Zege

Katika ramani nyingi za nyumba za ghorofa moja, ngazi ndiyo huachiwa kilichobaki. Sebule imeshapata upana wake, chumba cha wazazi kimepata choo cha ndani, kisha ngazi inabanwa kwenye kona. Mwenye nyumba akitaka jiko liongezwe kidogo, cha kwanza kukatwa ni lendingi, ule uwanja mdogo wa katikati ambapo ngazi hugeuka. Naomba kikatwe kitu kingine chochote, lendingi ibaki.

Chukua nyumba yenye mita 3.06 kutoka sakafu ya chini hadi sakafu ya juu. Anayeteleza juu kabisa ya ngazi iliyonyooka hana cha kumzuia mpaka afike chini. Ukiweka lendingi katikati, njia ya kuanguka inakatwa nusu, mita 1.53. Bibi mwenye magoti mabovu anapata pa kusimama na kuvuta pumzi. Na siku ya kumteremsha mgonjwa kwa machela, wabebaji wanapata pa kugeukia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kidato kina vipimo viwili: kimo, yaani kupanda kutoka kidato hadi kidato, na kina, yaani sehemu ya kukanyaga, toka ukingo wa mbele wa kidato kimoja hadi ukingo wa kinachofuata. Katika karne ya 17 msanifu Mfaransa François Blondel aliona kwamba kadiri mtu anavyopanda ndivyo hatua yake inavyofupika, akatoa kanuni inayotumika hadi leo: zidisha kimo mara mbili, jumlisha kina. Sisi hulenga jibu la kati ya sentimita 60 na 64. Kwa nyumba yetu, sentimita 306 ukizigawa kwa 18 unapata kimo cha 17 kamili. Kina kikiwa 28, jibu ni 62. Ngazi hiyo mtoto anaipanda, na mzee anaishuka bila woga.

Ikinyooka, ngazi hiyo ina sehemu 17 za kukanyaga, maana hatua ya 18 inakufikisha kwenye sakafu ya juu. Hizo ni mita 4.76. Ukiikunja kwa lendingi, kila kipande kina hatua tisa na sehemu nane za kukanyaga, yaani mita 2.24, ongeza mita moja ya lendingi, upate 3.24. Upana, vipande viwili vya mita moja kila kimoja pamoja na upenyo mdogo katikati, ni kama mita 2.10. Eneo limeongezeka, kweli, lakini urefu umepungua kwa mita moja na nusu, na kwenye viwanja vyetu vya mjini mara nyingi urefu ndio unaokosekana.

Anayebanwa na nafasi hushawishika kuinua kimo na kufupisha kina. Kanuni za Uingereza zinaruhusu kimo cha hadi sentimita 22 katika nyumba ya familia, na kina kisichopungua 22. Kanuni za mfano za makazi nchini Marekani ni kali zaidi: kimo kisizidi 19.6, kina kisipungue 25.4. Mimi nashika hizo za Marekani, kwa sababu ya kushuka. Wakati wa kushuka, wayo wa mtu mzima hauenei kwenye sentimita 22. Ama vidole vinaning'inia nje ya ukingo, ama mtu anaweka mguu upande.

Lendingi nayo ina masharti yake. Kina chake kisipungue upana wa ngazi. Mlango usifungukie juu yake. Isiwe na kidato kimoja kilichopachikwa katikati kwa sababu hesabu iligoma. Tena isigeuzwe vidato vya pembetatu ili kuokoa hatua mbili tatu: upande wa ndani wa vidato hivyo hauna pa kukanyaga, na ndiko reli ilipo, ndiko mzee atakakopita akishikilia. Juu ya kila kidato na juu ya lendingi, acha mita 2 za wazi kwa kichwa. Chini ya lendingi, katika mfano wetu, unabaki na kimo kisichofika mita 1.40. Panafaa stoo. Anayetaka kupita hapo akiwa wima lazima apandishe lendingi hadi hatua ya 13. Hapo kipande cha chini kinarefuka, na faida ya kuvunja anguko inapungua sana. Nashauri pawe stoo.

Reli iwe sentimita 90 juu ya ukingo wa vidato, na izunguke lendingi bila kukatika. Mianya yake isipitishe mpira wa sentimita 10, ili mtoto asipenye. Mabomba ya kulala yanayong'aa, ambayo yamekuwa fasheni, mtoto huyapanda kama ngazi nyingine. Simamisha nondo za reli wima. Weka dirisha penye lendingi, kwa sababu umeme hukatika, na swichi mbili za taa ileile, moja chini na moja juu. Kioo kikishuka karibu na sakafu, kikingwe kwa grili.

Nondo za ndani ya zege ni kazi ya mhandisi, ila jambo moja lifahamike. Pale kipande cha chini kinapokutana na lendingi, nondo za upande wa chini hazipaswi kupindwa kufuata kona ya ndani. Zikivutwa na uzito hutaka kunyooka, zikabandua zege. Kila moja inyooshwe ipite kona na kuishia upande wa juu wa zege, zipishane hapo.

Sasa kosa linaloharibu hata ngazi iliyochorwa vizuri. Fundi hupima kutoka jamvi tupu hadi slabu tupu, akagawa sawasawa kwa 18. Baadaye sakafu za chini na juu zinapata skridi na marumaru za jumla ya sentimita 5, lakini vidato vinapata mota na marumaru za sentimita 3 tu. Hatua ya kwanza inabaki na 15, zote za kati 17, ya mwisho 19. Miguu haipimi kila hatua. Ikishapata mwendo wa 17 inaendelea na 17. Tofauti ya sentimita mbili inatosha kumkwaza anayepanda, na anayeshuka kutoka juu inamkuta mwanzoni kabisa, kabla hajashika mwendo. Kanuni za Marekani haziruhusu tofauti inayozidi milimita 9.5 katika kipande kimoja cha ngazi.

Kwa hiyo amua unene wa sakafu na aina ya marumaru kabla ya kufunga fomu. Kwa vidato chagua zenye mparuzo, si zile za kung'aa. Lendingi ipewe unene uleule wa vidato. Piga alama ya sakafu iliyokamilika ukutani kwa mpira wa maji, kisha pima ukianzia hapo. Katika mfano wetu, fomu ya kidato cha kwanza isimame sentimita 19 juu ya jamvi tupu, za kati ziachane kwa 17, na kutoka kidato cha mwisho hadi slabu tupu ya juu iwe 15. Fundi ataona vipimo havilingani na atataka kuvisawazisha. Mwonyeshe hesabu kwenye karatasi, mpime pamoja hatua moja baada ya nyingine, ndipo zege limwagwe.