Mashine ya kufulia ikihamishwa, maji yake yaelekezwe wapi?

TANGU mwaka 2010, Kisiwa cha Pemba kinapata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, badala ya kutegemea majenereta ya dizeli. Hatua hiyo ilirahisisha matumizi ya vyombo vya umeme majumbani, ikiwemo mashine ya kufulia.

Hata hivyo, Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde. Nyumba ikijengwa kwenye mteremko, chumba cha nyuma huweza kuwa chini ya usawa wa barabara. Mwenye nyumba anayetaka nafasi jikoni huona ni vyema kuihamishia mashine huko. Kuvuta umeme na maji safi si kazi kubwa. Kazi kubwa ni kuyatoa maji machafu.

Kwanza, ni lazima kujua aina ya mashine. Yenye mapipa mawili, la kufulia na la kukamulia, mara nyingi haina pampu. Mpira wake hulazwa chini ili maji yateremke yenyewe, hivyo huhitaji tundu sakafuni.

Mashine inayojiendesha yenyewe ina pampu. Mpira wake huingizwa katika bomba la wima ambalo mdomo wake, kwa mashine nyingi, huwa sentimita 60 hadi 100 kutoka sakafuni. Mdomo ukiwa chini mno, maji huweza kunyonywa nje wakati mashine ingali inajaza. Ukiwa juu mno, pampu huelemewa.

Bomba hilo liwe la inchi 2, na mpira usizibwe kwa gundi, kwani hewa lazima ipite. Chini yake kiwekwe kipande kilichopinda kwa umbo la herufi U. Maji yanayobaki humo huzuia harufu na mende. Kutoka hapo bomba literemke sentimita 2 kwa kila mita.

Ikiwa karo lipo juu kuliko chumba, pampu ya mashine pekee haitoshi. Huhitajika shimo dogo la kukusanyia maji, lenye pampu ya kuzamishwa inayowashwa na boya, pamoja na vali ya kuzuia maji kurudi.

Wapo watakaoona njia ya mkato ni kuutoa mpira dirishani, maji yateremke bondeni. Lakini bondeni ndiko kwenye visima na mashamba ya mpunga, na Zanzibar hutegemea sana maji ya ardhini. Maji yaliyofulia nguo za mgonjwa wa kuharisha huweza kubeba vimelea, na visiwa hivi vimekuwa vikikumbwa na milipuko ya kipindupindu tangu mwaka 1978.

Miongozo ya kimataifa ya usafi hutaka shimo la maji machafu liwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na kitako chake kiwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya ardhini. Penye mteremko, karo lisiwe upande wa juu wa kisima.

Kabla ya kufukia bomba kwa saruji, mimina kwa mkupuo ndoo ya lita 20. Yakipanda na kufurika mdomoni, bomba halijatosha. Yakipita, yafuate hadi mwisho wake, uhakikishe hayaishii katika kisima cha jirani.