Kitambi na moto usiozimwa: kwa nini insulini inapiga hodi bure

Kwetu mtu akianza kuota kitambi, watu wanasema: huyu, feza imeingia. Mwili wake una habari ingine.

Tuanze na jambo kila mtu analijua. Ukijikata kidole, kinavimba, kinakuwa chekundu, kinapata moto na kuuma. Hiyo ni inflamasio: askari wa damu wamekuja kupigana na mikrobi. Zamani wataalamu waliona kwamba vita ikiisha, askari wanaondoka tu wenyewe, sawa moto uliokosa kuni. Kumbe apana. Mwili unatoa amri ya kusimamisha vita. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Charles Serhan na wenzake kule Boston walitambua lipidi zenye kubeba amri hiyo, wakaziita resolvini. Mwili unazitengeneza kutoka mafuta ya omega-3, yale ya samaki. Zinazuia askari wapya wasiingie, tena zinasukuma makrofaji, yaani seli zenye kumeza uchafu, zisafishe uwanja.

Sasa turudi kwenye kitambi. Seli za mafuta zikijaa kupita kipimo, zingine zinakufa. Makrofaji zinakuja kusafisha, lakini haziondoki. Moto unabaki chini chini, hauumi, mwenyewe hajui. Mwaka 1993, Gökhan Hotamisligil na wenzake walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene yanatoa kwa wingi kemikali inayoitwa TNF-alfa, na wakiizuia, insulini inafanya kazi vizuri zaidi. Juu ya nini? Insulini inapiga hodi kwenye seli ili sukari iingie. TNF-alfa inaharibu ujumbe ndani: hodi inapigwa, hakuna mwenye kufungua. Kongosho linaongeza insulini, linaongeza tena, mpaka linachoka. Hapo njo ugonjwa wa sukari wa aina ya 2 unaanza.

Na ile amri ya kusimamisha vita? Katika mafuta ya panya wanene, lipidi hizo zinapatikana kidogo. Mwaka 2011, watafiti wa Marekani walipatia panya wanene wenye sukari resolvini D1: makrofaji zikapungua ndani ya mafuta, na insulini ikasikilizwa vizuri.

Wengi watauliza: basi ninunulie mama vidonge vya omega-3, aache dawa za munganga? Apana! Mwaka 2019, gazeti la BMJ lilitoa uchunguzi wa majaribio 83, yenye watu zaidi ya 120.000: kuongeza omega-3 hakukuzuia ugonjwa wa sukari, wala hakukuutibu. Kuwa na mbao si kuwa na meza. Omega-3 ni mbao tu. Resolvini ni meza, na fundi ni mwili wenyewe. Samaki ni chakula kizuri, tule. Lakini mwenye kukuuzia kidonge akisema kinaponyesha sukari, anakudanganya.

Kilichoonekana kwa watu ni hiki: jaribio kubwa la Marekani, 2002, watu waliokaribia kupata sukari walipunguza kilo kidogo, wakafanya mazoezi dakika 150 kwa juma, kama kutembea kwa haraka. Hatari yao ikashuka kwa 58%, kushinda wale waliopewa metformini.

Kwa hiyo tuache kusifu kitambi. Mwenye mzazi mnene, amupeleke apimwe sukari mapema, mbele kongosho halijachoka. Na mwenye dawa, asiache dawa.