Leza kwa mbwa: tiba kweli au usanii?

Wiki jana mbwa wetu Tomi kagongwa na bodaboda. Mguu wa nyuma ukavimba, usiku kucha analia. Asubuhi binamu yangu katokea na kile kikalamu cha mwanga mwekundu wanachouza wamachinga, eti kaona video mbwa wa Marekani kavalishwa miwani, anamulikwa leza mpaka anasinzia. Akataka kuumulika mguu. Nikamwambia ngoja kwanza, nikakimbilia kafe.

Kumbe tiba yenyewe ipo, tena ya siku nyingi. Mwaka 1967 daktari wa Hungaria, Endre Mester, aliwanyoa panya akawamulika leza kuona kama watapata saratani. Hawakupata. Ila manyoya yao yakaota haraka kuliko ya panya ambao hawakumulikwa! Alikuwa hakutegemea kabisa.

Wataalamu wanaeleza hivi. Ndani ya seli kuna vitu vidogo sana vinaitwa mitokondria, ndiyo jiko linalopika nguvu ya seli. Mwanga mwekundu, na ule wa infraredi ambao jicho halioni, unapenya ngozi na kunyonywa na protini moja humo jikoni. Seli inapata nguvu ya kujikarabati, uvimbe na maumivu vinapungua. Kila kipindi ni dakika chache tu, lakini vinarudiwa kwa wiki kadhaa.

Sasa inaponya kweli? Hapo wenyewe hawajakubaliana. Mwaka 2012 watafiti wa Florida walichukua mbwa waliofanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo. Waliomulikwa walianza kutembea baada ya siku 3 na nusu hivi, wenzao siku 14. Raha, sivyo? Mwaka 2017 wengine wakajaribu kitu kinachofanana na hicho, wasione tofauti. Mwaka 2018 wakapimwa mbwa 20 wenye yabisi ya kiwiko, na waliomulikwa kwa wiki 6 walipungua kuchechemea, wengi wakapunguziwa hata dawa. Mimi naona kwa viungo ina maana, lakini anayekwambia inatibu kila kitu anakuuzia maneno.

Na kikalamu cha binamu? Sahau. Hicho kinatakiwa kisizidi miliwati 5, wakati mashine za madaktari zinafika mamia ya miliwati, nyingine wati kadhaa. Zikiachwa sehemu moja zinaunguza, na zikipiga jicho zinapofua, ndiyo maana mbwa anavaa miwani. Penye saratani hawamuliki. Halafu leza haiungi mfupa uliovunjika.

Narudi nyumbani, namkuta mama kashika Panadol mbili na kipande cha nyama. Nikampokonya! Paka kidonge kimoja tu kinaweza kumuua, mbwa dozi ikizidi ini linaharibika. Diklofenaki na ibuprofeni ndiyo usiguse kabisa, zinatoboa tumbo na kuua figo. Sijui wangapi mtaani wamezika mbwa wakidhani kafa kwa ajali.

Tukamwita daktari wa mifugo. Kaupapasa mguu, mfupa mzima, msuli ndio ulioumia. Kamchoma sindano ya maumivu ya mbwa, kasema afungiwe wiki mbili asikimbie. Leza hana, alicheka nilipomuuliza.

Leo Tomi kakanyagia mguu. Binamu bado anamulika ukuta, paka wa jirani anakimbiza kidoti.